Barabara Nyeupe za Chianti

Katika vilima vya Chianti, mkoani Toscana, nchini Italia, zipo barabara za changarawe nyeupe zipitazo kati ya mizabibu na mizeituni. Magari ni machache. Apandaye baiskeli husikia pumzi zake tu.

Lami ilikuwa ikizimeza barabara hizo. Mwaka 1997, huko Gaiole, watu 92 walizipita kwa baiskeli za kikale ili kuzitetea, na safari hiyo, iitwayo L'Eroica, ingaliko. Kubadili gia mlimani ni lazima mkono mmoja uache usukani. Si mchezo! Askari wa bersaglieri, katika vita vya 1915 hadi 1918, walizikunja baiskeli zao wakazibeba mgongoni.

Tangu 2007 mabingwa nao hushindana katika vumbi hilo hadi Siena.