SOMO LA REDIO: KOMPYUTA INAPOPANGA UJENZI

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali uwe tayari ubaoni, kwa sababu leo tuna hesabu kidogo.

Wengi wenu mmo katika kamati za ujenzi, wa darasa, wa zahanati au wa kisima. Siku hizi mara nyingi mpango wa kazi huletwa mbele ya kamati umechapwa kwa kompyuta. Karatasi yake ina mistari minene iliyolala, mirefu na mifupi, na kila mstari ni shughuli moja. Mchoro wa namna hiyo huitwa kwa jina la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyefariki mwaka 1919. Kwa hiyo si jambo geni. Tofauti ni kwamba sasa programu huirefusha na kuifupisha mistari yenyewe. Programu moja inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Microsoft Project, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984. Nayo ndiyo tutakayoitazama leo.

Programu hii hutazama mambo matatu katika kila shughuli: watu, muda, na saa za kazi. Matatu hayo ni kama mafiga. Ukisogeza moja, jingine nalo lazima lisogezwe ili chungu kikae. Andikeni:

Saa za kazi = muda × watu.

Tuseme watu 2 wanachimba msingi kwa siku 4, na kila siku wanafanya kazi saa 8. Siku 4 ni saa 32. Saa 32 mara watu 2 ni saa 64 za kazi.

(Mwalimu wa darasa aandike hesabu hii ubaoni. Wanafunzi wainakili.)

Haya. Sasa mwenyekiti anasema, "Tuongeze watu 2, wawe 4." Je, kitabadilika nini? Ama muda utapungua kuwa siku 2 na saa zitabaki 64, ama muda utabaki siku 4 na saa zitakuwa 128. Kama wachimbaji wanalipwa kwa saa, katika jibu la pili malipo yamekuwa maradufu. Hesabu zote mbili ni sawa. Kompyuta haijui ni ipi mliyoikusudia, wala haijapata kushika jembe. Ni lazima iambiwe.

Mahali pa kuiambia ni hapa. Kwanza hakikisheni kwamba shughuli imewekwa ipangwe na programu yenyewe, kwa maana tangu toleo la mwaka 2010 shughuli mpya huanza zikiwa za kupangwa kwa mkono. Kisha bonyeza jina la shughuli mara mbili upesi. Dirisha litafunguka. Katika ukurasa wake wa mipango ya ndani kuna orodha ya majina matatu. Kwa Kiswahili maana yake ni hii: watu wasibadilike, saa zisibadilike, au muda usibadilike. Hii haikukatazi wewe kuongeza mtu. Yakataza programu kugusa jambo hilo kwa hiari yake. Usipochagua, programu itachagua la kwanza, yaani watu.

Karibu na orodha hiyo pana kijisanduku cha kutia alama ya vema. Chenyewe chauliza: watu wakiongezeka, wagawane kazi ile ile? Ukitia vema, msingi wetu utachimbwa kwa siku 2. Usipotia, utapata zile saa 128. Katika matoleo ya kabla ya 2010 alama hiyo ilikuwa imekwisha tiwa. Tangu hapo kijisanduku huja kitupu. Ukichagua saa zisibadilike, vema hukaa pale na huwezi kuiondoa, na ndivyo ipasavyo.

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nikisaidia kamati moja kupanga ujenzi wa darasa. Kwa haraka nilizichagua shughuli zote pamoja, nikazitia vema. Miongoni mwake ilikuwamo shughuli ya kumwagilia maji zege la sakafu, siku 7, mtu 1. Kamati ilitaka kumaliza mapema, nami nikaongeza mtu wa pili. Mstari ukafupika mpaka siku 3 na nusu. Nilifurahi! Nikachapa karatasi, na tarehe ya kuanza kuta ikasomwa mbele ya watu waliokuwa wamechanga fedha zao.

Fundi mkuu, mzee wa makamo, aliishika karatasi akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hao wawili watalifanya zege liwahi kukomaa?"

Sikuwa na jibu. Zege hutakiwa kuwekwa maji walau siku 7 hivi ili lipate nguvu, hata ukileta ndoo mia. Lingebebeshwa kuta kabla ya wakati, na watoto wangekaa chini ya kuta hizo. Ilinibidi kusimama tena mbele ya wale wale na kuifuta tarehe niliyoitoa.

Shughuli ya namna hiyo iwekwe muda usibadilike, na kijisanduku kibaki kitupu. Tena muda wake uandikwe kwa siku mfululizo, si siku za kazi. Kwa kawaida programu huziruka Jumamosi na Jumapili, hata siku 7 za kazi zikawa 9 katika kalenda. Zege halijui Jumapili.

Zoezi la nyumbani: watu 3 wanafyatua matofali kwa siku 6, saa 8 kila siku. Tafuteni saa za kazi. Kisha ongezeni watu 3. Andikeni muda na saa za kazi kijisanduku kikiwa na vema, na tena kikiwa kitupu. Halafu matofali hayo yanaachwa yakauke: semeni mngechagua jina lipi katika yale matatu, na kwa nini.

Mwalimu wa darasa atasahihisha. Kwaherini.