Sikukuu za mwaka mzima: ipi ni ibada, ipi ni ada?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Katika mitaa yetu ya Mwananyamala, kuanzia kwa Kopa hadi Kisiwani, ni jambo la kawaida kukuta nyumba moja ya vyumba sita yenye ua mmoja na jiko moja, lakini ikawa na Idi mbili. Chumba cha kwanza wamevaa kanzu na wanapika pilau. Chumba cha pili wamefunga siku ya thelathini. Wapo wapangaji waliokaa ua mmoja miaka kumi kwa wema, kisha wakaacha kusalimiana kwa sababu ya asubuhi moja ya Mfunguo Mosi. Miezi mitano baadaye huja Maulidi, na maneno huanza upya: huyu mzushi, yule hampendi Mtume.

Sehemu kubwa ya ugomvi huu inatokana na kutopambanua mambo matatu: sikukuu iliyowekwa na sheria, siku yenye fadhila ambayo si sikukuu, na ada ya watu. Kila moja ina hukumu yake. Anayeigeuza ada kuwa ibada amekosea, na anayeiita kila ada ukafiri amekosea vilevile.

MSINGI: SIKUKUU NI MBILI

Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na An-Nasai, kuwa Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza na kufurahi tangu zama za ujahilia. Akawafahamisha kuwa Allah amewabadilishia siku hizo kwa siku mbili bora zaidi: Idil-Adh'ha na Idil-Fitri.

Hadithi hii ina mafunzo mawili. La kwanza, sikukuu za kidini si jambo la kubuni. Huwekwa na Mwenye sheria. La pili, Mtume (s.a.w.) hakuwaondolea watu furaha wakabaki mikono mitupu. Aliwapa furaha iliyo bora. Ndiyo maana katika Bukhari na Muslim tunasoma kuwa siku ya Idi wasichana wawili waliimba nyumbani kwake na hakuwakataza, na Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini, naye akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) huku akitazama.

Wafafanuzi wa hadithi wanasema siku mbili zile zilikuwa Nairuzi na Mihirajani, sikukuu za Wafursi. Kwetu pwani jina la Nairuzi si geni. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwezi wa Julai watu huadhimisha Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jua. Wanaume hupigana kwa migomba, hujengwa kibanda cha makuti kikachomwa moto, na wageni hukaribishwa chakula. Hapa ndipo upambanuzi unapohitajika. Kumlisha mgeni na kukutana ndugu ni mema siku yoyote. Lakini akiitakidi mtu kuwa moto ule unaondoa balaa za mwaka, hapo ameingia katika itikadi, na itikadi haina nafasi ya mzaha.

MWAKA WA MSWAHILI UNAANZIA IDI

Kalenda ya Hijra, iliyopangwa katika ukhalifa wa Umar bin Al-Khattab (r.a.), huanza Muharram. Wazee wetu wa pwani hawakuikataa, ila katika kuhesabu miezi walianzia pale Ramadhani inapofunguliwa. Shawwal wakaiita Mfunguo Mosi, Dhul-Qaada Mfunguo Pili, Dhul-Hijja Mfunguo Tatu, Muharram Mfunguo Nne, mpaka Mfunguo Tisa. Kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani zikabaki na majina yake. Jamii iliyouhesabu mwaka wake kuanzia ibada ya funga ilijua kitovu chake kiko wapi.

Mwaka huu wa mwezi una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi, na mwaka 2000 Idil-Fitri ilikuja mara mbili, Januari na Desemba.

MFUNGUO MOSI: ZAKATUL-FITRI NA SALA

Kabla ya nguo za sikukuu na mkono wa Idi wa watoto, iko haki ya maskini. Zakatul-Fitri ni pishi moja, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu anayekulazimu kumlisha. Wengi huikadiria kilo mbili na nusu hadi tatu za mchele. Mtoto aliyezaliwa baada ya kuchwa jua la siku ya mwisho ya Ramadhani hatolewi, na asiye na ziada ya chakula cha usiku na mchana wa Idi hadaiwi kitu.

Iko nukta ambayo wengi hawaijui. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, hutolewa punje. Unga hautoshi, wala thamani ya fedha. Kwa hiyo mwenye kula sembe atoe mahindi, au atoe mchele. Mahanafi wameruhusu unga na fedha. Anayefuata kauli hiyo kwa elimu asilaumiwe, lakini imamu anayekusanya fedha za watu wenye kufuata Shafii azinunulie mchele kwa uwakala wao, ufike kwa maskini kabla ya sala. Kuichelewesha mpaka jua la siku ya Idi lizame bila udhuru ni haramu.

Ama nguo, sunna ni kuvaa nzuri uliyonayo. Sheria haikusema mpya. Baba anayekopa kwa riba ili watoto wasionekane duni mbele ya jirani ameacha sunna nyepesi akabeba dhambi nzito.

Na Idi ikiangukia Ijumaa, kwa Shafii mwenye kukaa mji huu bado Ijumaa inamlazimu. Ruhusa ya kuondoka ni ya watu wa vijijini waliokuja kusali Idi, kama Uthman (r.a.) alivyowaruhusu watu wa Al-Awali. Kwa Mahanbali aliyesali Idi anaweza kuacha Ijumaa, lakini asali Adhuhuri.

MWEZI: ASILI YA TOFAUTI

Sasa turudi kwenye ua wetu wenye Idi mbili. Muslim amepokea kisa cha Kuraib, aliyekuwa Sham akauona mwezi wa Ramadhani usiku wa Ijumaa, kisha akaja Madina mwishoni mwa mwezi. Ibn Abbas (r.a.) akamwambia kuwa wao waliuona usiku wa Jumamosi, na wataendelea mpaka wauone au watimize thelathini, hakutegemea mwandamo wa Muawiya wa Sham. Kwa msingi huu Imam Nawawi na wengi wa Mashafii wakasema mji wa mbali wenye matlai tofauti hauufungi mji mwingine. Wengi wa Mahanafi, Mamaliki na Mahanbali wakasema ukionekana mahali pamoja, amri ya kufunga kwa kuonekana kwake inawahusu wote.

Kwetu hoja zote mbili zina uzito. Dar es Salaam na Makka ziko karibu katika longitudo moja, nyuzi 39 na kitu mashariki, kwa hiyo adhuhuri zao zinakaribiana sana. Lakini Makka iko nyuzi 21 kaskazini ya ikweta na sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini, na latitudo nayo hubadilisha namna mwezi mwandamo unavyoonekana. Ndiyo maana wako wanaosubiri tangazo la Mufti kupitia BAKWATA, baraza lililoundwa mwaka 1968, na wako wanaofuata mwandamo wa popote duniani. Wa kwanza wanategemea kanuni kuwa hukumu ya mwenye mamlaka huondosha hitilafu. Wa pili wanasema mamlaka hayo hayajatimiza sifa za hakimu wa kisheria. Kila upande una wanavyuoni nyuma yake.

Je, mtu afanyeje katika ua mmoja? Jibu limo katika vitabu vyetu. Mafakihi wa Kishafii wamesema: aliyeuona mwezi wa Shawwal peke yake, kwa macho yake, ni lazima afungue, lakini afungue kwa siri, asijiingize katika tuhuma. Tuitafakari hukumu hii. Huyu ana yakini; amekiona kitu kwa jicho lake. Pamoja na hayo hakupewa ruhusa ya kukaa barazani na sahani. Ikiwa aliyeona kwa macho anatakiwa kujisitiri, je, vipi aliyesikia kwenye redio au kuletewa ujumbe wa simu?

Basi aliyefungua na ale ndani kwake, na pilau la jirani aliyefunga amtunzie mpaka Magharibi. Aliyefunga naye asimwite mwenzake mla Ramadhani, kwani hilo ni kumtuhumu Mwislamu kwa dhambi kubwa katika jambo la ijtihadi. Kuswali Idi ni sunna iliyokokotezwa kwa madhehebu yetu, ilhali kumkata jirani na ndugu ni haramu kwa ijmai. Hakuna faqihi anayeiuza haramu ya ijmai kwa ajili ya sunna.

MFUNGUO TATU NA MFUNGUO NNE

Mfunguo Tatu una siku ya Arafa, siku ya Idi ya kuchinja, na siku tatu za Tashriiq. Tarehe 9 ni sunna kufunga kwa asiyekuwa Hija. Kuanzia 10 hadi 13 ni haramu kufunga. Udh'hiya huchinjwa baada ya sala, si kabla. Mbuzi kwa Shafii awe ametimiza miaka miwili, na ng'ombe mmoja hutosha watu saba. Ngozi haiuzwi, wala mchinjaji halipwi kwa nyama au ngozi ya mnyama huyo. Alipwe ujira wake kando.

Mfunguo Nne, tarehe 10, ni Ashura. Kwa Sunni ni siku ya funga, pamoja na tarehe 9. Ni siku ya fadhila, si Idi.

MFUNGUO SITA: MAULIDI

Hapa ndipo sauti hupanda. Ukweli wa kihistoria ni kwamba Maswahaba hawakukusanyika kusoma Maulidi. Sherehe zake zilijulikana Misri zama za Mafatimi, kisha zikashamiri Irbil chini ya mfalme Mudhaffar, aliyefariki mwaka 630 Hijria. Al-Fakihani, mwanachuoni wa Kimaliki, aliandika kuzipinga. As-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria, alimjibu kwa risala maalumu, na akanukuu istinbati ya Ibn Hajar Al-Asqalani aliyeifananisha na funga ya Ashura: kumshukuru Allah katika siku ya neema. Wanaoiruhusu huongeza kuwa Mtume (s.a.w.) alifunga Jumatatu na akaitaja kuwa siku aliyozaliwa. Wanaoikataa hujibu kuwa alichofanya ni kufunga, basi tufunge.

Hapa pwani husomwa zaidi Barzanji, ya Jaafar Al-Barzanji, mufti wa Kishafii wa Madina. Na huko Lamu, Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935, aliieneza Maulidi ya Al-Habshi kupitia Riyadha. Kwa hiyo mwenye kuisoma hakuzua jana, na mwenye kuiacha hakumchukia Mtume. Lakini pande zote hazihitilafiani katika haya: zafa isiyoiacha sala ya Isha ipite, wanaume na wanawake wasichanganyike kwa msongamano, na madrasa isiwachangishe wazazi kwa kuwaaibisha. Maulidi inayopitisha wakati wa faradhi imempinga yule inayemsifu.

RAJABU, SHAABANI NA VUNJA JUNGU

Usiku wa Miraji na Nisfu Shaabani si Idi. Kuhuisha usiku kwa dua na Qur'ani ni jambo lenye mjadala wa wanavyuoni, lakini sala maalumu ya Raghaibu katika Rajabu, na ile ya rakaa mia usiku wa Nisfu Shaabani, Imam Nawawi ameziita bidaa katika Al-Majmuu, naye ni imamu wetu.

Kisha Shaabani ikiisha huja vunja jungu. Asili yake ni ada: ndugu hukutana, hupika, huombana radhi kabla ya funga. Kwa sura hii haina ubaya, na inaafiki katazo la kuitangulia Ramadhani kwa funga ya siku moja au mbili. Lakini siku hizi vijana wetu wameigeuza kuwa siku ya ulevi na ngoma za usiku, kana kwamba dhambi inalimbikizwa kabla ya duka kufungwa. Anayeazimia kuasi leo kwa sababu kesho atafunga hajanuia toba, amenuia likizo.

SIKU ZA SERIKALI

Serikali imetoa mapumziko ya siku mbili kwa Idil-Fitri, moja kwa Idil-Hajj na moja kwa Maulidi. Kuwa Maulidi imo katika kalenda ya nchi hakuifanyi Idi ya tatu kisheria. Sabasaba, Nanenane, Muungano na mfano wake ni siku za kidunia. Kupumzika na kutembelea maonyesho ni mubaha. Siku za dini nyingine tunawatendea majirani wema na uadilifu, bila kushiriki ibada zao.

MIZANI

Ikikujia siku yoyote, jiulize matatu. Je, sheria imeiweka? Kama imeiweka, itekeleze kwa mipaka yake. Kama haikuiweka, je, watu wanaidai kuwa ibada au ni ada tu? Na je, ndani yake kuna faradhi inayopotea au haramu inayotendwa? Imamu atakayewafundisha waumini wake maswali haya kabla ya mwezi kuandama atapunguza ugomvi kuliko atakayepanda mimbari kuwajibu wenzake baada ya mwezi kuandama.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuunganishe nyoyo zetu na azitakabali funga na Idi zetu. Wallahu a'lam.