Presha, Sukari na Simu ya Mfanyakazi

Mimi ni muuguzi wa kiwanda huku Industrial Area, Nairobi. Wengi ninaowahudumia wanaishi Kayole, Umoja na Makadara, na karibu wote wana simu, hata kama ni kabambe isiyo na intaneti. Kila Jumatatu ninawatumia wenye presha na sukari ujumbe mfupi: habari ya wiki, na umepima? Aliye sawa namshukuru. Mwenye shida nampigia siku hiyo hiyo.

Njia hii ilijaribiwa hapa hapa Eastlands. Kliniki ya Pumwani ilikuwa miongoni mwa tatu zilizoshiriki utafiti wa WelTel, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Watu waliokuwa wameanza dawa za Virusi vya Ukimwi walitumiwa kila wiki neno moja, "Mambo?", wajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Wenye shida na walionyamaza walipigiwa. Kati ya waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walisema wanameza dawa ipasavyo. Kati ya wasiotumiwa, asilimia 50.

Presha nayo ni ugonjwa wa kuishi nao, tena hujificha. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Kuhusu sukari, utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 ulifuatilia watu waliokaribia kuugua. Waliosaidiwa kubadili chakula, kupunguza uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari yao kwa asilimia 58. Dawa ya metformin ilipunguza kwa asilimia 31.

Lakini ushauri lazima ulingane na maisha ya mtu. Opareta mmoja wa zamu ya usiku aliniandikia, "Sista, leo ni 162 kwa 98." Nilipompigia, kumbe alikuwa ameacha dawa kwa sababu hakuhisi maumivu. Kumwambia "kula vizuri" kusingemfaa, maana chakula chake kinatoka kibandani nje ya geti. Tulikubaliana chapati moja badala ya tatu, madondo yabaki, sukuma wiki iongezwe, chumvi ya mezani iachwe. Asubuhi akitoka zamu, ashuke steji moja kabla ya yake, atembee. Na arudi kliniki kuchukua dawa.

Jambo kubwa kuliko yote ni siri. Mfanyakazi akihofia kwamba vipimo vyake vitamfikia bosi na kibarua kiote nyasi, atajibu "Sawa" huku kichwa kinamgonga. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Meneja apewe jumla tu, majina asiyaone.

Waajiri, kabla ya kununua programu ya bei ghali, tafuteni kwanza mtu wa kusoma majibu na kupiga simu, na mfanyakazi apewe muda wa kupima ndani ya saa za kazi. Nawe msomaji, usisubiri mwajiri. Wahamasishaji wa afya ya jamii walianza kupewa mashine za kupima presha na sukari mwaka 2023. Muulize wa mtaa wako, upimwe wiki hii.