Taa za ziada kwenye pikipiki: Piga hesabu ya umeme kabla ya kununua

WAHUDUMU wa bodaboda wanaobeba abiria usiku katika barabara za mashambani wanaijua shida hii vyema. Taa kubwa ya pikipiki ndogo, hasa iliyochakaa, humulika mita chache tu mbele ya gurudumu, na shimo au ng'ombe aliyelala barabarani huonekana wakati breki haziwezi tena kusaidia. Ndiposa taa za ziada hununuliwa kwa wingi katika maduka ya vipuri, kuanzia Kirinyaga Road jijini Nairobi hadi vibanda vya jua kali katika masoko ya mashinani.

Aghalabu mnunuzi huuliza mambo mawili: taa inang'aa kiasi gani, na bei ni ngapi. Swali linalostahili kutangulia ni iwapo pikipiki yenyewe ina umeme wa kuilisha taa hiyo. Asiyeuliza huamka asubuhi na betri iliyokufa. Mwingine hunusa harufu ya plastiki inayoungua chini ya tangi, mahali ambapo nyaya na petroli hutenganishwa na bati jembamba tu.

Umeme wa pikipiki hutoka kwenye magineto, kifaa kinachozunguka pamoja na injini. Betri ni ghala tu. Katika pikipiki za injini ya 100cc hadi 150cc, magineto haikuundwa kutoa umeme mwingi zaidi ya mahitaji iliyotoka nayo kiwandani. Mahitaji hayo si haba. Balbu ya mbele ya kawaida hula wati 35, taa ya nyuma wati 5, taa ya breki wati 21, na indiketa mbili zinazowaka pamoja wati 20. Hizo tayari ni wati 81, kabla ya honi na cheche za plagi kuhesabiwa. Kweli, breki na indiketa haziwaki wakati wote, lakini kinachobaki kwa matumizi mengine ni kidogo. Injini ikinguruma polepole pikipiki ikiwa imesimama, kiasi hicho hupungua zaidi.

Hapo ndipo hesabu moja rahisi inapohitajika: gawanya wati kwa volti, upate ampia. Taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja, ambazo kwa hakika ni taa za gari, ni wati 110. Ukigawanya kwa volti 12 unapata ampia 9.2. Betri ya ampia-saa 5, ambayo ni ya kawaida kwenye pikipiki hizi, ingemalizwa na taa hizo kwa takriban nusu saa injini ikiwa imezimwa. Kwa kweli itaisha mapema zaidi, kwa sababu betri inayofyonzwa kwa pupa haitoi kipimo chake kamili. Hata injini ikikimbia, magineto ndogo haiwezi kulipa deni hilo.

Taa mbili za LED za wati 10 kila moja hula ampia 1.7 tu kwa jumla, na zinaweza kumulika barabara vizuri zikiwa na lenzi nzuri. Kwa pikipiki ndogo, basi, LED ndiyo chaguo la busara. Hata hivyo, wati zilizochapishwa kwenye pakiti zisiaminiwe. Taa ndogo kama kiganja inayojinadi kuwa ya wati 100 haina hata bati la kutosha la kupoza joto hilo. Fundi mwenye mita ya kupimia umeme aiunganishe taa na betri kabla ya kuifunga, asome ampia inazokula, kisha atumie nambari hiyo katika hesabu zote zinazofuata.

Jambo jingine la kuchunguza ni mahali pa kuchukulia umeme. Katika pikipiki nyingi ndogo, taa kubwa hulishwa moja kwa moja na magineto bila kupitia betri. Dalili yake ni kwamba hufifia injini inapotulia na kung'aa injini inapokazwa. Umeme huo hubadilisha mwelekeo kila mara, na LED iliyoundwa kwa betri ikiunganishwa nao humetameta au kuungua. Kwa hiyo taa za ziada zichukue umeme kutoka kwenye betri, wala si kwa kuchuna waya wa taa kubwa na kuufungia mwingine juu yake.

Kuhusu nyaya, wengi hudhani waya ni waya. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, wenye urefu wa mita 4 kwenda na kurudi, una ukinzani wa takriban omu 0.14. Ampia 9.2 zikipita humo, volti 1.3 hupotea njiani na wati 12 hugeuka kuwa joto ndani ya waya wenyewe. Halojeni kama hizo zingehitaji waya wa milimita mraba 1.5 au zaidi. Kwa LED za ampia 1.7, waya wa milimita mraba 0.75 unatosha bila wasiwasi. Uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, kwani waya mmoja mgumu kama wa nyumbani hukatika kwa mtikisiko.

Fyuzi ndiyo kifaa kisichoeleweka zaidi. Kazi yake si kuilinda taa, bali kuulinda waya. Waya ukichubuka na kugusa chuma cha pikipiki, betri humwaga ampia nyingi mno kwa mara moja, na ni fyuzi pekee inayosimama kati ya mkondo huo na moto. Kwa sababu hiyo ifungwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, umbali usiozidi shubiri moja, maana sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi. Kipimo chake kizidi kidogo matumizi ya taa na kiwe chini ya uwezo wa waya: ampia 3 kwa LED zilizotajwa. Ikiungua, chanzo kitafutwe. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ambayo baadhi ya mafundi huitumia badala yake, haikatiki kwa wakati.

Rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa sumaku ya umeme, si lazima kwa LED ndogo iwapo swichi ya usukani imepimwa kwa umeme wa betri. Swichi za nyumbani zilizoandikwa volti 250 hazifai kuaminiwa, kwa kuwa cheche ya umeme wa betri huzimika kwa shida zaidi na huunguza midomo ya swichi. Lakini rilei ina faida: sumaku yake ikilishwa na waya unaopata umeme pale tu ufunguo unapowashwa, taa haziwezi kusahauliwa zikiwaka usiku kucha. Katika rilei ya kawaida, waya kutoka fyuzi huingia ncha 30, wa taa hutoka 87, na ncha 85 na 86 ni za sumaku, moja ikienda kwenye swichi na nyingine kwenye hasi.

Kazi ikikamilika, pima volti za betri injini ikikimbia kama ya safarini na taa zote zikiwaka. Volti kati ya 13.5 na 14.5 ni dalili njema. Zikishuka chini ya 12.6 huku injini ikikimbia, betri inaliwa kuliko inavyolishwa, na taa moja itabidi iondolewe. Mwisho, taa zielekezwe chini, ili mwangaza uangukie barabara wala si macho ya dereva anayekuja.