Mtoto wa Kike Anahitaji Kuiona Ngazi: Mazungumzo na Akina Mama Waliotangulia



Ndugu wanakamati wa parokia, na ninyi wafadhili wetu wapendwa, mmezoea kupokea kutoka kwetu taarifa za visima, madawati na vyoo vya shule. Safari hii tunapenda kuwaeleza kazi isiyotumia saruji wala mabati. Ni mazungumzo kati ya wasichana wa Ruaha, Mikumi na Kilosa na akina mama waliofanikiwa katika kazi zao. Baadhi yenu mmetuuliza: je, kuketi na kuzungumza nako ni mradi? Jibu letu ni ndiyo, iwapo mazungumzo yameandaliwa vizuri. Yasipoandaliwa ni sherehe tu, na sisi wenyewe tulianza kwa sherehe.

KWA NINI MAZUNGUMZO?

Anayesafiri kutoka Mikumi kuelekea Ifakara hukutana na mashamba ya miwa anapokaribia Ruaha. Msimu wa kukata miwa fedha huzunguka. Msimu ukiisha, nyumba nyingi hubana matumizi. Msichana anayekulia hapa anawaona vibarua wa shambani, mama lishe wa stendi na wauza mboga wa sokoni. Hizo ni kazi halali, na zimesomesha watoto wengi. Anamwona pia muuguzi na mwalimu. Lakini hajui walifikaje pale. Anawaona wakiwa juu, ngazi waliyopandia haioni.

Kwa miaka mingi sote tulisema kikwazo ni ada. Tangu Januari 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafikishwa kidato cha tano na cha sita. Bado kuna sare, madaftari, nauli na kodi ya chumba kwa anayesoma mbali na nyumbani, na hapo msaada wenu unahitajika sana. Hata hivyo tumewaona wasichana wenye sare na madaftari wakiacha shule, kwa sababu hawakuwa na picha ya wanakokwenda.

Wala hatuleti jambo geni. Wavidunda, Wasagara na Wakaguru, ambao ni wenyeji wa wilaya hii, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwanamke kushika neno katika ukoo ni jambo la kale hapa kwetu. Tunachofanya ni kulipeleka neno hilo mpaka darasani na kazini.

KOSA LETU LA KWANZA

Mara ya kwanza tulimwalika mgeni kutoka mjini, mama mwenye cheo kikubwa. Tulikodi viti na vipaza sauti, kwaya ikaimba, mgeni akatoa hotuba nzuri. Ulipofika wakati wa maswali, hakuna msichana aliyenyoosha mkono. Baadaye mmoja wao alimwambia katibu wetu kwamba mama yule ni wa watu wa aina nyingine. Tulikuwa tumetumia fedha kuwaonyesha watoto wetu kwamba mafanikio si ya kwao. Kosa halikuwa la mgeni, lilikuwa letu.

TUNAVYOFANYA SASA

Kwanza, mgeni anatoka karibu. Tunatafuta muuguzi, mwalimu wa hisabati, afisa ugani, fundi umeme aliyesomea ufundi stadi, au mama mwenye shamba lake la miwa. Hatuangalii utajiri. Tunaangalia kama anaijua kazi yake na anaipenda.

Pili, kikundi ni kidogo, wasichana wasiozidi 15, chini ya mti au katika chumba cha katekesi, bila kipaza sauti. Wazazi wanatoa ridhaa, na walezi wawili wa kike wanakuwepo muda wote.

Tatu, maswali yanaandaliwa na wasichana wenyewe wiki moja kabla. Tunawaomba waulize juu ya ngazi: Ulifeli nini? Ulipokuwa unasoma ulilala wapi? Nani alilipa? Nyumbani walisemaje? Na swali moja haliachwi: katika kazi yako, ni kitu gani unachokipenda mpaka leo?

Swali hilo limetufundisha mengi. Muuguzi mmoja alieleza kwamba anapenda zamu ya usiku wodi ya wazazi, kwa sababu ya sauti ya kwanza ya mtoto. Mama mkulima alitoa daftari lake la mapato na matumizi, akasema hilo ndilo analolipenda kuliko shamba lenyewe, maana tangu alipoanza kuandika hakuna aliyeweza kumdanganya kwenye mzani. Wasichana walicheka, kisha wakaomba kuliona daftari.

Nne, kila msichana anaandika hatua moja atakayoichukua, na mama mlezi kutoka WAWATA anamtembelea baada ya mwezi. Bila hatua hii ya nne, hizo tatu za kwanza hupotea.

HATA MAJINA MAKUBWA YANA NGAZI

Walezi huwakumbusha wasichana habari za wanawake wanaowasikia redioni. Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, alisomeshwa na Masista wa Maryknoll. Mwaka 1970 alianza kazi kama mkufunzi wa Chuo cha Ualimu Chang'ombe. Miaka 25 baadaye, mwaka 1995, ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa kule Beijing, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Rais Samia Suluhu Hassan alianza kazi mwaka 1977 kama karani, Zanzibar. Baadaye alisoma utawala wa umma katika chuo cha IDM Mzumbe, ambacho sasa ni Chuo Kikuu Mzumbe, katika mkoa wetu huu wa Morogoro. Msichana akisikia neno karani, anaelewa. Karani anamjua.

SIKU MOJA CHINI YA MWEMBE

Siku moja mgeni wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipoulizwa alifeli nini, alinyamaza kidogo, kisha akaeleza kwamba alipata mtoto akiwa kidato cha pili, na kwa taratibu za wakati ule akafukuzwa shule. Aliuza vitumbua, akafanya mtihani wa maarifa wa QT, akarudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ndipo akaingia chuo cha ualimu. Ilimchukua miaka mingi, na hakuficha kwamba alilia njiani.

Pembeni alikuwa amesimama binti ambaye hakualikwa, mtoto mgongoni. Alisogea, akauliza kama siku hizi mtu wa hali yake anaruhusiwa kurudi shuleni. Mgeni akamjibu kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurejea katika shule za serikali. Binti yule hakuwa amesikia habari hiyo, na la kutuaibisha zaidi, hata wengine katika kamati yetu hawakuwa wameisikia.

Jumatatu iliyofuata mama mlezi alimsindikiza kwa mkuu wa shule. Tunapoandika haya yuko darasani, na mtoto analelewa na bibi yake mzaa mama. Hatutaji jina wala kijiji chake. Tunaongeza ukweli mwingine: wasichana wawili tuliowafuatilia kwa namna hiyo hiyo hawajakubali kurudi. Bado tunawatembelea.

TUNACHOWAOMBA

Wanakamati, tafuteni katika vigango vyenu akina mama watatu wenye kazi wanayoipenda, na walezi wawili wenye subira. Waraka wa kurejea shuleni usomwe katika jumuiya ndogo ndogo, akina baba wakiwepo.

Wafadhili wetu, gharama ni nauli ya mgeni, chai na maandazi, madaftari, na nauli ya mlezi anayefuatilia. Wageni wetu hawalipwi posho. Mkipenda kusaidia, saidieni hasa ufuatiliaji, kwa sababu ndio unaosahaulika kwenye bajeti. Ada na sare tuendelee kuzitoa, ila tusimpe binti viatu vya shule pasipo kumwonyesha njia ya kupita.