Je, Wajua? Baridi Iliyo Juu ya Mikumi na Glavu za Mrukaji

Dereva wa lori anayeshuka kutoka Iringa akishapita Kitonga na Ruaha Mbuyuni huvua koti, kwa sababu anajua Mikumi inamsubiri na joto lake. Ni vigumu kumwambia mkazi wa Mikumi au Kilosa anunue glavu za kujikinga na baridi. Hata hivyo baridi ipo, tena haiko Ulaya: iko juu ya kichwa chake, umbali usiofika kilomita tano. Wanaoruka na miavuli huko Diani, pwani ya Kenya, huikuta kila siku. Wanapanda ndege wakitokwa jasho, na mlango unapofunguliwa angani wanatamani wangekuwa wamevaa sweta. Kwa mrukaji, kiungo kinachohitaji kulindwa mapema na baridi hiyo ni mkono, maana ndio unaofungua mwavuli.

1. Mlango wa ndege uko sawa na kilele cha Meru

Je, wajua kwamba mtu akiruka kutoka mita 4,000 juu ya uwanja mdogo wa ndege wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, anaanza safari yake akiwa karibu sawa kwa kimo na kilele cha Mlima Meru? Uwanda wa Mkata, kule wanakokula majani nyati na pundamilia, uko takriban mita 550 juu ya usawa wa bahari. Jumlisha 4,000 unapata 4,550, na Meru una mita 4,562. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Siku ambayo uwanjani ni nyuzi 32, mlangoni pa ndege ni kama nyuzi 6, na siku za kipupwe hushuka zaidi. Katika anga la nchi zetu za joto, mstari wa kuganda kwa maji uko karibu mita 5,000 juu ya bahari. Mrukaji wa Mikumi angekuwa chini yake kidogo tu.

2. Upepo huiba joto, lakini una mpaka

Je, wajua kwamba mtu anayeanguka kifudifudi kabla ya kufungua mwavuli hufikia mwendo wa kilomita 190 hadi 200 kwa saa? Akitoka mita 4,000, mwanguko huo huchukua kama dakika moja. Kwa kanuni inayotumiwa na watabiri wa hali ya hewa wa Kanada na Marekani, hewa ya nyuzi 6 yenye upepo wa kilomita 100 kwa saa hupoza ngozi iliyo wazi kama hewa ya nyuzi 2 chini ya sifuri. Mrukaji yumo katika upepo wa karibu mara mbili ya huo.

Lakini upepo hauwezi kuifanya ngozi iwe baridi kuliko hewa yenyewe. Unachofanya ni kuliondoa joto haraka. Ndiyo maana juu ya Mikumi au Diani vidole hufa ganzi bila kuganda. Juu ya Kanada au Urusi wakati wa majira ya baridi, ambako hewa ya huko juu huwa chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi, ngozi tupu inaweza kuganda na kuoza. Glavu ya mwanajangwani haimfai mwanabarafu, na ya mwanabarafu inaweza kumponza mrukaji wa Pwani.

3. Mwili huviacha vidole kwanza

Je, wajua kwamba mwili ukihisi baridi hupunguza damu ya mikononi ili kuulinda moyo, ini na ubongo? Mishipa midogo ya vidole husinyaa, na joto lililokuwa likiletwa na damu linakatika. Ngozi ya kidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, kazi ndogondogo kama kufunga kifungo huanza kumshinda mtu. Ikikaribia nyuzi 8, anaweza kugusa kitu asijue amekigusa.

Zaidi ya hapo, misuli mikubwa inayokunja vidole haimo kiganjani. Imo mkononi kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvivuta vidole kwa kano. Mtu mwenye glavu nzuri lakini mikono mitupu hadi kwenye kiwiko atashangaa kuona vidole vimekuwa vizito. Kwa hiyo glavu inayofaa huwa na shingo ndefu inayoingia ndani ya mkono wa nguo, na nguo yenyewe iwe ya mikono mirefu.

4. Kuna nyuzi zinazotajwa kabisa

Je, wajua kwamba USPA, chama cha warukaji wa miavuli cha Marekani, kinashauri glavu zivaliwe hewa ya kwenye kimo cha kurukia inapokuwa chini ya nyuzi 40 za Fahrenheit, yaani kama nyuzi 4 za Selsiasi? Angalia vizuri: kinachopimwa ni hewa ya juu kule mtu anakotokea, si ya uwanjani. Anayesimama kwenye jua la saa nane mchana akauliza “glavu za nini?” anapima mahali pasipohusika.

5. Glavu nene kuliko zote si lazima iwe bora kuliko zote

Je, wajua kwamba mrukaji wa siku hizi hufungua mwavuli bila kuona anachokishika? Kishikio cha mwavuli mkuu kiko mgongoni, chini kabisa ya begi, upande wa kulia. Mkono unakwenda nyuma, vidole vinakipapasa, vinakivuta na kukitupa. Mwavuli mkuu ukikataa kufunguka sawasawa, kuna kishikio cha kuuachia kifuani upande wa kulia, na cha kufungulia mwavuli wa akiba upande wa kushoto. Kazi yote hiyo ni ya sekunde chache.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo hili. Glavu ya mpandamlima imetengenezwa kwa mtu atakayetembea kutwa kwenye theluji. Ya mrukaji ni kwa mtu atakayehitaji kuhisi kipande kidogo cha plastiki kwa dakika moja ya hatari. Glavu ya kifuko, ambamo vidole vinne vinakaa pamoja, ina joto kuliko zote lakini haifai kabisa kwa anayejifungulia mwavuli. Tafuta yenye kiganja chembamba cha ngozi laini au kitambaa kisichoteleza, mgongo usiopitisha upepo, na ncha za vidole zisizo na nafasi tupu ya kujikunja. Isiwe na kamba wala mkanda unaoning'inia ukaja kunasa kwenye kishikio. Na shingo yake isiifunike saa ya kimo iliyo kwenye kifundo, maana bila saa hiyo mrukaji hajui ardhi iko umbali gani.

6. Kubana ni kukaribisha baridi

Je, wajua kwamba sufu, manyoya na pamba ya kiwandani havitoi joto lolote? Kazi yao ni kushika hewa isitembee, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili kutoroka. Glavu ikibana sana, hewa hiyo haina pa kukaa, na damu nayo inabanwa njiani. Glavu ikiwa kubwa mno, kidole hakihisi kitu. Wengi humaliza ugomvi huo kwa tabaka mbili: glavu nyembamba ya hariri ndani, na ya kukinga upepo nje.

Kwa sababu hiyo pia glavu huvaliwa chini, mikono ikiwa bado na joto la Mikumi. Ndege huchukua dakika kumi na tano au zaidi kupanda. Anayengoja vidole vife ganzi ndipo avae, anafungia baridi ndani.

7. Jasho la uwanjani ni adui wa angani

Je, wajua kwamba maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa? Katika nchi yetu hatari hii ni kubwa kuliko tunavyodhani, kwa kuwa mrukaji hujiandaa juani, amevaa begi zito, viganja vikilowa. Glavu ya pamba hunywa jasho hilo na kukaa nalo. Ikifika juu inakuwa kitambaa cha maji baridi. Hariri na vitambaa vya kisasa vya michezo hukauka upesi. Anayeruka zaidi ya mara moja kwa siku abebe jozi ya pili kavu.

8. Aliyejifungulia mwavuli kwa mkono ndiye aliyeshona koti la marubani

Je, wajua kwamba Mmarekani Leslie Irvin aliruka tarehe 28 Aprili 1919 huko Dayton, Ohio, akaanguka kwanza kisha akavuta kamba mwenyewe hewani? Kabla ya hapo wengi waliamini mtu anayeanguka huru angepoteza fahamu asiweze kuvuta chochote. Irvin alithibitisha kwamba mkono unafanya kazi, ingawa alivunjika kifundo cha mguu alipotua. Miaka ya 1930 huyohuyo akatengeneza koti la ngozi ya kondoo lililowakinga marubani wa Uingereza na baridi ya angani.

9. Glavu moja iliyovuja safarini kwenda kilomita 31 juu

Je, wajua kwamba mwaka 1960 glavu nusura iharibu mruko maarufu kuliko yote ya zama zile? Tarehe 16 Agosti, Joseph Kittinger wa jeshi la anga la Marekani alipanda kwa puto hadi kama mita 31,300. Njiani alitambua kwamba glavu yake ya kulia imeshindwa kushika shinikizo la hewa. Mkono ulivimba ukawa karibu mara mbili ya kawaida, ukamuuma na kukataa kutumika. Aliendelea kupanda bila kuwaambia wenzake mapema, kwa kuhofia wangeamuru arudi. Akaruka, akatua salama, na baada ya saa chache mkono ukarudi hali yake.

10. Baridi ya angani iliwahi kuja kuitafuta nchi hii

Je, wajua kwamba mwezi Novemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walituma chombo kikubwa cha angani, L59, kutoka Jamboli nchini Bulgaria, kipeleke tani 15 za dawa, risasi na vifaa kwa jeshi la kamanda wao Lettow-Vorbeck lililokuwa likipigana huku? Kilosa ilikuwa imeshatekwa na majeshi ya Waingereza tangu Agosti 1916, na Wajerumani walikuwa wamesukumwa mbali kusini. L59 ilifika Sudan, ikaamriwa irudi, ikawa imeruka kilomita 6,757 kwa saa 95 bila kutua. Juu ya jangwa la Afrika wafanyakazi wake waliunguzwa na joto mchana, wakatetemeka kwa baridi usiku.

11. Mtu amewahi kuruka kutoka Kilimanjaro

Je, wajua kwamba mwaka 2015 Mrusi Valery Rozov alipanda Kilimanjaro kwa miguu, akavaa vazi lenye mabawa ya kitambaa na kujirusha kutoka kwenye genge la upande wa magharibi, karibu mita 5,460 juu ya bahari? Hakuwa na ndege ya kumfikisha. Alihitaji mikono yenye joto kwa siku nzima za kupanda, na vidole vyepesi kwa dakika za mwisho.

Wapagazi na wageni wa mlima huo hutumia pia vifuko vidogo vya unga wa chuma. Ukikifungua, chuma kinakutana na hewa, kinashika kutu upesi na kutoa joto. Mrukaji akikitumia, akiweke mgongoni mwa mkono au kwenye kifundo. Kikikaa kiganjani kinamzuia kushika.

12. Korongo hahitaji glavu

Je, wajua kwamba ndege wengi wenye miguu mirefu mitupu hawapotezi joto jingi kupitia miguu hiyo? Mishipa inayoshusha damu ya moto imelala ubavuni mwa ile inayopandisha damu baridi, na joto huhamia huko kabla halijafika kwenye vidole. Tumbusi wa Rüppell, anayeonekana pia Serengeti, ndiye ndege anayeshika rekodi ya kuruka juu: tarehe 29 Novemba 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, Ivory Coast, kwenye mita zipatazo 11,300. Kwa binadamu mpango huo wa mishipa inayolala ubavuni haufiki kiwango cha ndege, hivyo lazima auongezee nguo.

13. Kuna kifaa kinachofungua vidole vikishindwa

Je, wajua kwamba tangu 1991 warukaji wengi hubeba kifaa cha kielektroniki kiitwacho CYPRES, alichokibuni Mjerumani Helmut Cloth? Kikipima kwamba mtu bado anaanguka kwa kasi akiwa kama mita 225 tu kutoka ardhini, kinaufungua mwavuli wa akiba chenyewe. Kimeokoa watu wengi. Hata hivyo kimewekwa kwa siku ambayo kila kitu kimeshindikana; mtu asikitegemee ili avae glavu mbaya.

14. Glavu hupimwa mezani kabla ya angani

Je, wajua kwamba unaweza kuijua glavu ya mrukaji bila kupanda ndege, hata kama umeinunua kwenye mitumba? Shika chupa ya maji yaliyoganda kwa dakika mbili ukiwa umeivaa. Kisha fumba macho. Okota sarafu ya shilingi mia juu ya meza. Funga na kufungua mkanda wa begi. Peleka mkono nyuma ya kiuno, ushike ncha ya kitambaa uliyoichomeka hapo na uivute kwa mara moja. Rudia kwa mkono wa pili, maana kishikio cha akiba kiko kushoto. Anayekwenda kuruka kweli afanye zoezi hilohilo akiwa na begi lake mgongoni na mkufunzi mbele yake. Sarafu ikiteleza au mkono ukipapasa zaidi ya mara moja, glavu hiyo ni nene mno: chagua nyembamba zaidi, uvae hariri ndani yake.