Mbwa Mzee Si Lazima Awe na Kichaa

Katika maboma ya wafugaji wa Kiloleli, mkoani Simiyu, mbwa ni askari. Usiku hulala kando ya zizi na kumbwekea fisi; mchana huandamana na ng'ombe malishoni. Wanaozeeka ni wachache. Utafiti wa Machakos, Kenya, uliochapishwa mwaka 2001, ulikadiria kuwa dume wa kijijini hutarajiwa kuishi miaka 3.5 tangu kuzaliwa, na jike miaka 2.4. Anayefika miaka kumi na zaidi amevuka maradhi, njaa na fimbo za watu wengi.

Huyo ndiye huanza vituko. Anasimama upande wa bawaba, akingoja mlango ufunguke huko. Anajibanza kwenye kona asijue namna ya kurudi nyuma. Anashinda amelala, kisha usiku anazunguka uani na kulia bila sababu. Mtoto aliyekua naye anapomwita, anamtazama kama mgeni.

Chanzo kimo ubongoni. Kadiri mbwa anavyozeeka, protini iitwayo amiloidi beta hurundikana kati ya seli za neva, nazo seli hufa na ubongo husinyaa. Protini hiyo ya mbwa imeundwa sawasawa na ile inayopatikana katika ubongo wa binadamu mwenye ugonjwa wa Alzheimer, na ndiyo maana wanasayansi wanawafuatilia mbwa wazee kwa karibu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wa mwaka 2001, uliona angalau dalili moja kwa asilimia 28 ya mbwa wa miaka 11 hadi 12. Kwa wa miaka 15 hadi 16 ilikuwa asilimia 68.

Tatizo ni kwamba kijijini mbwa anayetangatanga hupewa jina moja tu: kichaa. Hofu hiyo ina msingi, kwani kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini magonjwa haya hutofautiana kwa mwendo. Kichaa huja ghafla, na mbwa hufa ndani ya siku chache, kwa kawaida zisizozidi kumi. Usahaulifu wa uzee hujongea kwa miezi na miaka. Upo pia ugonjwa wa distempa, unaoleta homa, makamasi na degedege. Ndio uliowaua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Na mara nyingine mzee hana ugonjwa wowote wa akili: ana mtoto wa jicho, amekuwa kiziwi, au viungo vinamuuma.

Kwa hiyo mbwa akibadilika ghafla, wazuie watoto wasimkaribie na umwite ofisa mifugo. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Akithibitika kuwa ni uzee tu, tiba ya kuurudisha ubongo haipo. Dawa ya selejilini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huwapunguzia baadhi yao dalili. Matunzo yenyewe hayana gharama kubwa. Mpe chakula na maji mahali palepale kila siku. Usihamishe malalo yake. Mtoe atembee taratibu: uchunguzi wa zaidi ya mbwa 15,000 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2022, uliona ugonjwa huu zaidi kwa mbwa wasiojishughulisha, ingawa huenda ugonjwa wenyewe ndio unaowalegeza. Ukimkemea kwa kusahau, unamwongezea woga tu.

Chanjo ya kichaa ya kila mwaka humkinga mbwa na watu wa boma lake. Tena humrahisishia ofisa mifugo kuamua, mzee anapoanza kupotea njia. Mchanjishe mbwa wako, na utunze kadi yake.